Mashine Haikuwa Imeharibika

Wasee, stori ya leo inaanza na uongo wangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka 20. Nilikuwa nimetoka kampasi bila digrii kwa sababu karo ilikuwa imewashinda nyumbani, na mzee mmoja mpole akanipa kazi kwenye duka lake la kuchapisha hapa tao. Duka dogo tu: printa mbili, mashine ya kopi, na kompyuta iliyokuwa inawaka ikijiskia. Mdosi wangu alikuwa mtu wa kanisa, na si wa mchezo. Asubuhi kabla ya kufungua, tunaomba. Nikikosa fare ya kurudi keja, ananitolea mfukoni mwake na hadai. Nasema haya mapema kwa sababu sitaki umchukie kabla hujamaliza kusoma. Mimi mwenyewe hadi sai simchukii.

Siku moja akaingia jamaa wa dredi. Ndefu, amezikunja ndani ya kofia ya kijani, manjano na nyekundu. Akanipa flashi. Alitaka programu ya mazishi, nakala 100 za rangi, mazishi ni Ijumaa ocha. Nikafungua faili. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na picha ya mama mzee amevaa kitambaa kichwani na sare ya akina mama wa kanisa, anacheka. Chini yake jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa. Nilikuwa nishaanza kupanga kurasa mdosi aliponiita nyuma.

"Huyo ni Rasta?"

"Sijui. Nadhani."

"Kijana, duka hili niliweka mikononi mwa Bwana. Hao watu na bangi zao na kuabudu mfalme wa Ethiopia, pesa yao siwezi kula. Mwambie mashine imeharibika."

Nikarudi kaunta. Nikamwambia, "Pole sana bro, mashine imekufa." Nyuma yangu printa ilikuwa inatoa kadi za harusi za mtu mwingine, moja baada ya nyingine, na sote wawili tunaisikia. Jamaa akaiangalia printa. Akaniangalia mimi. Akachukua flashi yake, akasema, "Sawa, asante," akatoka.

Hakuna kelele iliyopigwa. Hakuna mtu aliyechukua video. Ilichukua kama dakika moja. Lakini mimi nimebaki na hiyo dakika miaka yote hii, na ndiyo ilinifanya nianze kusoma kuhusu swali ambalo watu hulipigania sana na kulielewa kidogo: je, mwenye biashara anaruhusiwa kumkataa mteja kwa sababu ya imani yake mwenyewe?

Nilichogundua ni hiki. Kila kitu mdosi wangu alisema siku hiyo, na kila kitu ambacho ningeweza kusema kumtetea, kilishasemwa kitambo na watu wengine, mbele ya mahakimu. Historia ina majibu yake.

Nyama ya nguruwe na mapenzi ya Mungu

Twende Marekani, jimbo la South Carolina, mwaka wa 1964. Kuna mzungu anaitwa Maurice Bessinger. Jamaa ana mikahawa kadhaa inaitwa Piggie Park, anauza nyama ya nguruwe ya kuchoma na sosi ya haradali. Mikahawa yake mingi ilikuwa ya staili ya gari: unaegesha, mhudumu anakuja dirishani, anachukua oda, unakula hapo hapo. Kama wewe ni mweusi, ungeweza kununua chakula kwa dirisha la jikoni na kubeba uende. Kukaa ule hapo kama wengine, hapana. Pesa yako ilikuwa sawa. Shida ilikuwa wewe.

Tarehe 2 Julai 1964, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki za Kiraia. Sehemu moja ya sheria hiyo ilisema hoteli, mikahawa, vituo vya petroli na kumbi za burudani haziwezi kumfungia mtu mlango kwa sababu ya rangi, dini au asili ya taifa lake. Haikuletwa na upepo. Miaka minne kabla, Februari 1960, wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, na kukataa kuondoka. Wengine wakafuata, mji baada ya mji. Walimwagiwa vinywaji, walipigwa, walitupwa seli. Walikuwa wanafunzi wa rika lako na langu, na walichokuwa wanadai ni kuhudumiwa.

Sasa, baada ya sheria kupita, mama mmoja mweusi anaitwa Anne Newman akaenda Piggie Park. Hakuhudumiwa. Akaenda kortini, yeye na wenzake. Na hapa ndipo utetezi wa Bessinger unanigusa. Pamoja na hoja zake zingine, alisema sheria hiyo inapingana na mapenzi ya Mungu. Aliamini Mungu hataki watu weupe na weusi wachanganyike, kwa hivyo kumlazimisha ahudumie kila mtu ni kuingilia uhuru wake wa kuabudu.

Usicheke. Mwaka 1964 hiyo haikuwa hoja ya kichaa mmoja. Watu wengi kule kusini waliamini hivyo, makanisani mwao walihubiriwa hivyo, na walikuwa na mistari ya kuonyesha. Bessinger hakuwa anaigiza. Aliendelea kushikilia mambo hayo miaka mingi. Mwaka 2000, bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa iliposhushwa kutoka kilele cha jengo la bunge la jimbo, yeye aliipandisha kwenye mikahawa yake, na supamaketi kubwa zikaondoa sosi yake kwenye rafu. Alikufa 2014. Ndiyo maana hoja ya "lakini imani yake ni ya kweli" hainitoshi. Imani ya Bessinger ilikuwa ya kweli kabisa. Ukweli wa imani yake haukumlisha Anne Newman.

Mahakama haikubishana naye kuhusu Biblia. Ilimwambia, kwa maneno yangu, kwamba ana haki ya kuamini anachotaka, ila hana haki isiyo na mpaka ya kutumia imani hiyo kukanyaga haki za wengine. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1968 majaji wakasema utetezi wake wa dini haukuwa hata na uzito wa kujadiliwa. Halafu wakasema jambo lingine ambalo watu husahau: mtu anayeshtaki kwa kesi kama hii hapiganii sahani yake peke yake, anapigania kila mtu atakayefika pale baadaye, kwa hivyo akishinda, kwa kawaida ada ya wakili wake inafaa ilipwe na aliyembagua.

Na kuna kitu kingine kidogo. Anne Newman alikuwa mke wa mchungaji. Mume wake, I. DeQuincey Newman, alikuwa mchungaji wa Methodisti na kiongozi wa kupigania haki. Yaani mtu aliyefukuzwa kwa jina la Mungu alikuwa ametoka nyumba ya mtumishi wa Mungu. Kumbuka hiyo, nitairudia.

"Si aende kwingine?"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi mtaani. Ni duka lake, si la serikali. Akikukataa, vuka barabara, kuna maduka mengine kumi. Mbona ulazimishe?

Hata mimi nilijiambia hivyo siku ile. River Road na mitaa yake imejaa wachapishaji, jamaa hatakosa.

Halafu nikasoma kuhusu Victor Hugo Green. Alikuwa mtu wa posta, mweusi, anaishi Harlem, New York. Kuanzia 1936 alichapisha kitabu kidogo cha kuwaonyesha wasafiri weusi mahali wanapoweza kulala, kula, kunyolewa na kujaza mafuta bila kufukuzwa au kuumizwa. Kiliitwa Green Book. Kiliendelea kutoka kwa takriban miaka 30, hadi kipindi cha 1966 na 1967, wakati sheria ilikuwa tayari imebadilika.

Fikiria hiyo kidogo. "Aende kwingine" ilikuwa inahitaji kitabu kizima. Familia inasafiri, watoto wamelala kiti cha nyuma, na baba anapiga hesabu ya masaa hadi mji ambao una nyumba moja inayopokea watu kama wao. Kila mwenye hoteli alikuwa anafunga mlango mmoja tu, wake. Lakini milango mia moja ikifungwa na watu mia moja, kila mmoja kwa dhamiri yake safi, yule aliye nje hana tofauti na mtu aliyefungiwa na serikali.

Na sisi tulikuwa huko pia. Septemba 1959, ndege iliyobeba wanafunzi 81 kutoka Kenya iliondoka kwenda Marekani, mpango wa Tom Mboya na marafiki zake. Vijana wa miaka yetu, wameenda kusoma ili warudi wajenge nchi. Waliingia nchi ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa bado inahitaji Green Book.

Waingereza walilielewa hili la mlango kitambo sana. Kwenye sheria yao ya kale, mwenye nyumba ya wageni alikuwa na wajibu wa kumpokea msafiri yeyote mwenye nidhamu na pesa, kama kuna nafasi. Sababu ilikuwa rahisi: usiku, barabara ina wezi na baridi, na mtu aliyeweka kibao cha kukaribisha wageni ameshatoa ahadi. Hawezi kuivunja kwa kukuangalia sura.

Lakini kuwa na sheria ni kitu kimoja. Julai 1943, London, Learie Constantine aliwasili Imperial Hotel na mke wake na binti yao. Constantine alikuwa staa wa kriketi kutoka Trinidad, na wakati huo wa vita alikuwa anafanyia kazi Wizara ya Leba ya Uingereza. Alikuwa amelipia nafasi mapema, usiku nne. Akaambiwa atalala usiku mmoja tu, kwa sababu hotelini kuna wageni Wamarekani weupe na hawatapenda kumwona. Angalia ujanja hapo: "Si mimi, ni wateja wangu." Constantine alienda kortini, na mwaka 1944 akashinda kwa sheria ile ile ya nyumba za wageni. Fidia aliyopewa ilikuwa gini tano, pesa ya mfano tu. Lakini jina lake likabaki kwenye vitabu vya sheria, na mwaka 1969 akawa mtu mweusi wa kwanza kupewa kiti cha maisha katika Bunge la Malodi.

"Sikujua ni mtu mkubwa"

Oktoba 1957. Ghana imepata uhuru miezi saba tu iliyopita. Waziri wake wa fedha, Komla Gbedemah, yuko Marekani, na anasimama Dover, Delaware, kwenye mkahawa wa Howard Johnson's. Anaagiza maji ya machungwa, yake na ya katibu wake. Wanaambiwa wanaweza kubeba, ila kukaa ndani wanywe hawaruhusiwi. Gbedemah alilipa, akaacha juisi na chenji hapo mezani, akatoka. Stori ilipofika kwenye magazeti, Rais Eisenhower aliona aibu na kumwalika Ikulu kwa kiamshakinywa.

Juni 1961 ikatokea tena. Balozi wa Chad, Malick Sow, anatoka New York kwenda Washington kukabidhi hati zake kwa Rais Kennedy. Njiani, barabara ya Route 40 jimboni Maryland, anaomba kahawa. Anafukuzwa. Serikali ya Marekani ikaingiwa na baridi, kwa sababu nchi za Afrika zilikuwa zinapata uhuru kila mwaka na Urusi ilikuwa inazipungia mkono. Baadaye mwanamke wa ule mkahawa aliulizwa. Akajieleza kwamba kwake yeye jamaa alionekana mweusi wa kawaida tu, hangejua ni balozi.

Soma hiyo tena polepole. Alidhani kosa lake ni kutomtambua balozi. Yaani kama angekuwa kweli mweusi wa kawaida, dereva, fundi, mama anayerudi kazini, basi kila kitu kingekuwa sawa.

Nilipofika hapo ndio nilifunga simu nikakaa kimya. Kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa na wazo moja kichwani kuhusu yule Rasta. Nilikuwa najiambia: ningemwonyesha mdosi ile picha. Ningemwambia, "Mzee, angalia, marehemu ni mama wa kanisa, ana sare kama ya mama yetu." Angelainika. Angechapisha zote 100 na pengine angempunguzia bei.

Na ni kweli, angelainika. Lakini ingekuwa kahawa ya balozi. Ningekuwa namwombea jamaa huduma kwa sababu mama yake ni "mtu wetu". Je, kama marehemu angekuwa Rasta mwenyewe? Kama angekuwa Mwislamu, au mtu asiyeamini chochote? Mtu aliyefiwa anahitaji karatasi zenye jina la mama yake kabla ya Ijumaa. Kibao chetu nje kilisema TUNACHAPISHA. Hakikusema tunachapishia nani.

Lakini dhamiri ya mdosi je?

Sasa tuwe wakweli, kwa sababu hii si stori ya wabaya na wazuri.

Mdosi huyo huyo, wiki chache kabla, alikuwa amekataa kazi nyingine. Akaja mtu anataka mabango 500 ya mganga, yale unayaona kwenye nguzo za stima: anarudisha mpenzi aliyepotea, anaongeza nguvu, anashinda kesi. Pesa ilikuwa nzuri na mwezi ulikuwa mkavu. Mdosi akamwambia ana kwa ana, bila uongo, "Ndugu yangu, kazi hii sifanyi. Naamini inawadanganya watu." Kodi ya duka mwezi huo ilimsumbua. Mimi nilimheshimu, na bado namheshimu kwa hilo.

Tofauti iko wapi? Nilikaa na swali hili sana, na kesi iliyonisaidia ni ya Ireland Kaskazini. Mwaka 2014, duka la keki la Wakristo mjini Belfast, Ashers, lilikataa kutengeneza keki yenye maandishi ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Mteja, ambaye ni shoga, akashtaki. Mahakama za chini zikamwunga mkono. Lakini Oktoba 2018, Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji wote kwa kauli moja, ikasema duka halikumkataa mtu, lilikataa ujumbe. Hata mteja asiye shoga angeleta maneno hayo, jibu lingekuwa lile lile. Na hakuna anayefaa kulazimishwa kuandika maneno asiyoyaamini.

Nakubaliana nao. Bango la mganga ni hilo hilo. Angekuja askofu na lile bango, mdosi angekataa. Lakini programu ya mazishi? Hizo tulikuwa tunachapisha kila wiki. Kazi ilikuwa ile ile, karatasi ile ile, hata nyimbo za ibada ndani zilikuwa zile zile. Kitu kilichobadilika ni kichwa cha aliyeileta.

Kwa hivyo kipimo changu ni swali moja: kazi hii hii, ikiletwa na mtu mwingine, ungeifanya? Kama hungeifanyia yeyote, hiyo ni dhamiri yako, ishike, na ulipe gharama yake kama mdosi alivyolipa kwa bango. Kama ungemfanyia mwingine, basi hukatai kazi. Unamkataa mtu.

Sisemi kipimo hiki kinamaliza ubishi wote. Kuna kesi zinakaa katikati ya mstari. Mwaka 2012 huko Colorado, mwokaji alikataa kuwatengenezea wanaume wawili keki ya harusi yao, hata kabla hawajazungumzia muundo wake. Je, keki ya harusi ni bidhaa kama mkate, au ni ujumbe? Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 2018 mwokaji akashinda, majaji saba kwa wawili. Lakini alishinda kwa sababu tume ya jimbo iliyomhukumu ilikuwa imeidharau dini yake badala ya kumsikiliza bila upendeleo. Swali lenyewe kubwa majaji waliliacha. Watu bado wanalipigania kule. Mimi ninachochukua hapo ni kwamba heshima inaenda pande zote mbili. Hata mtu unayemwambia amekosea, hutakiwi kumtukania Mungu wake.

Hapa nyumbani

Usidhani haya ni mambo ya ng'ambo. Nairobi yenyewe ilijengwa kwa milango iliyofungwa. Wakati wa mkoloni, mtaa uliishi kulingana na rangi yako, na kulikuwa na hoteli na klabu ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, amebeba trei. Hiyo ndiyo ilikuwa "ni biashara yangu, naamua nani aingie".

Ndiyo maana Katiba yetu ya 2010 inaongea wazi. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi: rangi, jinsia, dini, dhamiri, imani, ulemavu, lugha, hata mavazi. Na hakikomei kwa serikali. Kinasema mtu hatambagua mtu mwingine. Mtu, yaani wewe na mimi na mwenye duka. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa imani, halafu hapo hapo kinasema mtu hawezi kunyimwa nafasi ya kuingia taasisi, kazi au mahali pa huduma kwa sababu ya imani au dini yake. Ukisoma vizuri, kifungu kinachomlinda mdosi wangu kanisani ndicho kinachomlinda yule Rasta dukani.

Na kuhusu Rasta, Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisikiza kesi ya msichana wa kidato cha kwanza aliyetolewa shuleni kwa sababu ya dredi zake. Familia yake ni ya Rastafari. Korti ikasema Rastafari ni dini kama dini zingine, na kumnyima masomo kwa sababu hiyo ni kuvunja Katiba. Ilikuwa shule, si duka, najua. Lakini jamaa niliyemdanganya alikuwa na imani inayotambuliwa na korti ya nchi yake. Mimi nilimwambia mashine imekufa.

Shida ni kwamba sheria yetu ni nzuri kwa karatasi, mlangoni ni mambo mengine. Machi 2015, iligunduliwa kwamba mkahawa mmoja wa Kichina huku Kilimani hauwaruhusu Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Sababu waliyotoa ni usalama. Kenya ikawaka moto, na mlango ukafungwa. Lakini ulifungwa kwa mambo ya leseni na vibali. Ubaguzi ndio ulileta kelele, karatasi za kanjo ndizo zilileta kufuli.

Na tulikasirika sana, si ndio? Tulikasirika kwa sababu aliyetukataa alikuwa mgeni. Lakini ebu niambie ni mara ngapi umeenda kutafuta keja, kila kitu kiko sawa, hadi keateka anauliza jina lako la pili. Halafu nyumba inakuwa "imeshachukuliwa". Ni mara ngapi msichana aliyevaa hijabu ameambiwa nafasi imejaa. Landilodi pia ni mwenye biashara. Na angalia vile hakuna anayesema sababu. Nyumba imechukuliwa. Mashine imeharibika. Bessinger angalau alisema ukweli wake mbele ya hakimu. Sisi tunabagua kwa adabu.

Sikuacha kazi siku ile. Ningependa kukuambia nilirusha aproni nikatoka, lakini nilikuwa nahitaji kazi, na nilibaki miezi mingine saba. Niliwahi kumwuliza mdosi mara moja tu, tukifunga duka. Nikamwambia, "Mzee, yule jamaa wa mazishi, mama yake alikuwa wa kanisa." Alinyamaza muda mrefu, funguo mkononi. Halafu akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

Sikuwa na jibu wakati huo. Sai ninalo. Ningemwambia: kwa sababu hukufaa kuhitaji kuambiwa.

Na kwa yule jamaa, kama hii imekufikia popote ulipo: mashine haikuwa imeharibika. Pole kwa mama.